Habari Ile Ile, Mdomo Mwingine: Kisa cha Wilfred Pickles

Mwishoni mwa mwaka 1941, Uingereza ikiwa gizani kwa amri, madirisha yamezibwa kwa mapazia meusi ili marubani wa Kijerumani wasione hata mwanga wa mshumaa, msomaji wa habari wa BBC alimaliza taarifa ya usiku na kuwaaga watu wa kaskazini kwa maneno mawili: "good neet". Ilitarajiwa aseme "good night". Kwa sikio letu tofauti ni ya irabu tu, "nait" na "niit". Kwa sikio la Mwingereza wa siku zile ilikuwa kama hakimu kaingia mahakamani amevaa kaptula na ndala.

Barua zikaanza kumiminika. Wapo walioona lugha inaharibiwa, na hao huwa hawakosekani popote. Ila kuna malalamiko mengine, ambayo watu wa isimu wanayasimulia mpaka leo, na ndiyo yaliyonivuta kwenye kisa hiki: wapo wasikilizaji waliosema habari zikisomwa na mtu huyu hawaziamini sana. Wachora vikatuni nao wakapata kazi. Walimchora msomaji habari kavaa kofia ya kibarua, mikono ya shati kaikunja, mbele ya maikrofoni ya taifa.

Mtu mwenyewe aliitwa Wilfred Pickles. Alizaliwa Halifax, Yorkshire, mwaka 1904, katika mji wa viwanda vya sufu. Kabla ya redio alishika kazi ya ujenzi pamoja na baba yake, na jioni alikuwa akiigiza jukwaani. Akaingia BBC ya kaskazini, kule Manchester, akawa mtangazaji, na huko hakuna aliyemshangaa. Mkasa ulianza alipoitwa London kusoma habari za nchi nzima.

Ili kuelewa kwa nini irabu moja ilizua tafrani, inabidi kujua sauti ya BBC ilikuwaje kabla yake. Shirika lilianza mwaka 1922, na chini ya John Reith lilijiona ni mwalimu wa taifa. Watangazaji wa jioni walivaa suti nyeusi na tai ya kipepeo kusoma habari mbele ya maikrofoni, mahali ambapo hakuna anayewaona. Hawakutajwa majina. Mwaka 1926 iliundwa kamati ya kushauri kuhusu matamshi, mwenyekiti wake wa kwanza akiwa mshairi Robert Bridges, na kuanzia 1930 George Bernard Shaw. Shaw alikuwa Mwairishi wa Dublin, na katika kamati hiyo hiyo alikaa Logan Pearsall Smith, mzaliwa wa Marekani. Reith mwenyewe alikuwa Mskoti. Nasema haya kwa sababu yananichekesha: waliokuwa wakilinda sauti safi ya Uingereza, wengi walitoka nje ya ua.

Sauti iliyochaguliwa haikuwa ya mji wowote. Huwezi kupanda treni ukafika kituo ambacho mama muuza samaki anaongea hivyo. Ilikuwa sauti ya Eton, Harrow, Winchester na shule nyingine za bweni za wenye nacho, ambako mtoto wa Newcastle na mtoto wa Devon waliingia na lafudhi mbili wakatoka na moja. Peter Trudgill, mwanaisimu, alikadiria katika miaka ya 1970 kwamba wanaoongea hivyo hawazidi asilimia 3 ya watu. Waliobaki wote walikuwa wakiisikia tu: kwa daktari, kwa hakimu, kwa meneja wa benki, kwa ofisa jeshini, na kila jioni redioni. Mtu akisikia sauti fulani kila mara inapotolewa hukumu au dawa au mkopo, hahitaji kufundishwa kwamba hiyo ndiyo sauti ya mwenye kujua. Anajifunza mwenyewe, bila kujua kama amejifunza.

Vita viliongeza uzito huo. Usiku wa tarehe 15 Oktoba 1940 bomu lilipiga jengo la BBC pale London na kuua wafanyakazi 7. Bruce Belfrage alikuwa katikati ya taarifa ya saa tatu usiku. Wasikilizaji walisikia kishindo kwa mbali, kimya kidogo, mtu akinong'ona, kisha Belfrage akaendelea kusoma, vumbi likimwangukia juu ya karatasi, sauti haijapanda wala haijashuka. Baada ya mambo ya namna hiyo, lafudhi ya Belfrage na wenzake ilikuwa imepata maana nyingine juu ya ile ya tabaka. Ilimaanisha kwamba mambo hayajaharibika.

Sasa, kwa nini wakati kama huo mtu amlete fundi wa Halifax?

Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kiusalama. Wajerumani walikuwa wamejua kuiga sauti ya BBC. Tangu majira ya joto ya 1940, Uingereza ikihofia kuvamiwa, wasomaji habari walianza kujitaja majina ili wananchi wazizoee sauti zao na wasidanganywe na redio ya adui. Lakini Kiingereza cha shule za bweni kinaigika kwa urahisi; kimesomeshwa dunia nzima na kina vitabu vya matamshi. Kiingereza cha Yorkshire hakina mwalimu ng'ambo. Mjerumani aliyesoma Oxford ataweza cha Oxford, cha Halifax kitamshinda. Msomaji wa Biblia atakumbuka Waamuzi sura ya 12, pale Waefraimu walipoambiwa kwenye vivuko vya Yordani watamke "Shibolethi", wakasema "Sibolethi", wakajulikana. Hesabu ilikuwa ile ile. Wapo pia wanaosema serikali ilitaka wafanyakazi wa viwandani waione BBC ni yao. Sioni kwa nini sababu zote mbili zisiwe kweli.

Na adui aliyekuwa akiogopwa, aliongeaje? Hapa kisa kinanoga. Redio ya Ujerumani ilikuwa ikirusha matangazo ya Kiingereza kutoka Hamburg, na mwaka 1939 mwandishi wa gazeti moja la London alimbandika mmoja wa wasemaji wake jina la Lord Haw-Haw, kwa ile sauti yake ya kibwanyenye, ya puani, ya mtu aliyezoea kupishwa njiani. Jina hilo baadaye lilimganda William Joyce, ingawa huenda aliyesikika mara ya kwanza alikuwa mwingine. Joyce alizaliwa Brooklyn, New York, akakulia Galway, Ireland. Kwa karatasi hakuwa hata Mwingereza kamili. Lakini aliongea kama bwana mkubwa, na katika miezi ya kwanza ya vita mamilioni ya Waingereza walimsikiliza, wengine kwa kucheka, wengine kwa wasiwasi kwamba labda anajua jambo ambalo BBC inawaficha. Alinyongwa London tarehe 3 Januari 1946.

Tuwaweke hawa wawili pamoja. Mmoja anasema uongo kwa lafudhi ya mabwana, mwingine anasoma taarifa rasmi kwa lafudhi ya viwandani. Wa kwanza anatiliwa shaka kwa sababu anazungumza kutoka Hamburg. Wa pili anatiliwa shaka kwa sababu anazungumza kama watu wa Halifax, na Halifax imo ndani ya Uingereza.

Kisa cha Pickles ni kizuri kukichambua kuliko vingi vya aina yake kwa sababu karibu kila kitu kingine hakikubadilika. Habari hakuandika yeye. Ziliandikwa na chumba kile kile cha habari kilichomwandikia Belfrage na msomaji mwenzake Alvar Lidell. Sarufi ilikuwa ile ile. Mawimbi yale yale, saa ile ile. Hata lafudhi yenyewe haikuwa nzito; Pickles alikuwa mwigizaji, alijua kuipunguza ili mtu wa kusini amwelewe. Kilichobadilika ni irabu chache: "a" fupi mahali pa "a" ndefu katika maneno kama "path" na "last", na ile salamu ya kuagana. Anayesema msomaji huyu hajui anachosema, anasema kuhusu karatasi ambayo jana aliiamini.

Watetezi wa wasikilizaji husema jambo lilikuwa mazoea tu: kitu kigeni kinashtua sikio, basi. Sehemu ya hoja hiyo naikubali. Mtu aliyezoea sauti moja kwa karibu miaka 20 atashtuka akisikia nyingine, hata ingekuwa nzuri namna gani. Lakini hoja hiyo inakwama kwa mtu mmoja, naye ni J. B. Priestley.

Priestley alikuwa mwandishi kutoka Bradford. Bradford na Halifax ni majirani, hazifiki kilomita 15. Mwezi Juni 1940, siku chache baada ya askari wa Uingereza kuokolewa pwani ya Dunkirk, Ufaransa, BBC ilimpa nafasi ya kuzungumza Jumapili usiku mara baada ya taarifa ya habari. Sauti ya Yorkshire hiyo hiyo, redio hiyo hiyo, dakika chache baada ya saa ile ile ambayo Pickles angekuja kuzomewa. Na nchi ilimpenda. Alizungumzia vijimeli vya kubebea wapenda matembezi ya pwani vilivyokwenda kuwachukua askari, akazungumzia andazi la nyama lililoendelea kutoa mvuke kwenye dirisha la duka Bradford baada ya mabomu, na watu wakajisikia hawako peke yao. Siku zile alikuwa miongoni mwa sauti zilizosikilizwa zaidi nchini.

Kwa hiyo masikio yalikuwa yameshaizoea Yorkshire, na yalikuwa yanaielewa na kuifurahia. Waliyemkubali kwenye kiti cha mfariji walimkataa kwenye kiti cha mjuzi. Hilo ndilo ninaloliona katika kisa hiki: wasikilizaji waligawa kazi kwa lafudhi kabla hawajasikia neno lolote. Lafudhi moja itutangazie kilichotokea. Nyingine itupoze moyo baada ya kutangaziwa. Priestley hakugusa mpaka huo, alianza pale habari zilipoisha. Pickles aliuvuka.

Miaka iliyofuata wataalamu walikuja kuupima mpaka huu kwa njia ya kistadi. Mwanasaikolojia Wallace Lambert na wenzake, Montreal, mwaka 1960 walichapisha jaribio ambalo sauti moja inarekodiwa mara mbili, Kiingereza na Kifaransa, na msikilizaji hajui kama ni mtu yule yule. Watu waliombwa wamkadirie msemaji: ana akili kiasi gani, ni mwema kiasi gani. Akizungumza Kiingereza alipewa alama za juu, na Wakanada wa Kifaransa wenyewe nao walimpa msemaji wa Kifaransa alama za chini. Howard Giles, kutoka Wales, akaihamisha mbinu hiyo Uingereza na kuitumia kwa lafudhi. Katika utafiti wake wa 1973, wanafunzi walisikilizishwa hoja moja ya kupinga adhabu ya kifo, maneno yale yale, kwa lafudhi ya BBC, ya Wales Kusini, ya Somerset na ya Birmingham. Hoja ikitoka kwa lafudhi ya BBC ilihukumiwa kuwa bora zaidi. Ila walipopimwa kama wamebadili msimamo au la, waliowavuta kweli walikuwa wale wenye lafudhi za mikoani.

Soma hapo tena polepole. Waliyemwona ana hoja nzuri sana hakuwabadilisha. Aliyewabadilisha hawakumpa sifa ya hoja nzuri. Kama mtu angewauliza wasikilizaji wa 1940 nani ana akili kati ya Lidell na Priestley, naona jibu lao lingekuwa lipi, na naona pia ni nani aliyewatoa machozi.

Kwenye kiti cha mtuhumiwa mchezo huu unaumiza. Mwaka 2002 John Dixon na wenzake walichapisha jaribio ambalo wanafunzi walisikiliza mahojiano ya polisi na mshukiwa. Mshukiwa akiongea kwa lafudhi ya Birmingham, walielekea zaidi kumwona ana hatia kuliko akiongea kwa lafudhi ya kawaida. Birmingham ndiyo lafudhi inayobeba mzigo mzito kuliko zote katika tafiti za Kiingereza cha Uingereza, na wageni wasioijua nchi wakiisikia hawaoni ubaya wake. Inabidi kwanza ujue viwanda vyake, moshi wake na vichekesho vinavyosemwa juu yake.

Huu ndio mlango wa kuingilia Marekani, kwa sababu kule sauti moja imegeuka maana watu wakiwa hai. Mnamo 1962 mwanaisimu William Labov aliingia katika maduka matatu makubwa ya New York: Saks Fifth Avenue la matajiri, Macy's la watu wa kati, na S. Klein la bei poa. Alimwuliza muuzaji kilipo kitu ambacho alishajua kipo ghorofa ya nne. Muuzaji akijibu "fourth floor", Labov alijifanya hakusikia vizuri, akauliza tena, na safari ya pili muuzaji alitamka kwa uangalifu. Kisha alijificha pembeni na kuandika kama ile "r" imesikika. Aliwauliza hivyo watu 264. Saks, asilimia 62 walitamka "r" angalau mara moja. Macy's, asilimia 51. Klein, kama asilimia 20 tu.

Kwa hiyo New York ya 1962, anayeiacha "r" anasikika hajasoma. Lakini Franklin Roosevelt, Rais wa nchi hiyo kuanzia 1933 hadi alipofariki 1945, mtoto wa ukoo wenye mali wa jimbo hilo hilo la New York, alikuwa akiiacha. Kizazi kimoja nyuma, kuiacha kulimaanisha umelelewa vizuri na pengine umetembea Ulaya. Vuka bahari urudi London na kuiacha ndiyo BBC, na mwenye kuitamka ni mkulima wa Somerset. Ulimi unafanya kitendo kile kile. Akili inayosomwa kutoka humo inategemea uko upande upi wa Atlantiki na ni mwaka gani.

Wakosoaji wa Pickles, kama wangetaka ushahidi dhidi yao, walikuwa nao serikalini. Waziri wa Kazi wakati ule alikuwa Ernest Bevin, mzaliwa wa Somerset, aliyeacha shule akiwa na miaka 11 na hakuwahi kuificha lafudhi ya kwao. Huyo ndiye aliyepanga nguvukazi ya nchi nzima kwa ajili ya vita, na 1945 akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Watu walimcheka matamshi na walimtii.

Na sisi tusijitenge sana. Nani kati yetu hajawahi kumcheka mtu kwa kuchanganya "kula" na "kura", akamkatia hukumu ya darasa alilofikia kabla hajamaliza sentensi? Na anayerudi kutoka ng'ambo akiongea kupitia pua tunamsengenya, kisha tunampa yeye maikrofoni kwenye harusi.

Uingereza nayo haijamaliza. Julai 2021, wakati wa Olimpiki ya Tokyo, Digby Jones, mwanasiasa aliyepewa cheo cha Lord, alilalamika hadharani kwamba mtangazaji wa BBC Alex Scott anaharibu kazi nzuri kwa kutotamka "g" mwishoni mwa maneno. Scott ameichezea Uingereza soka mechi 140 na ametoka mashariki ya London. Alijibu kwamba anajivunia alikotoka na lafudhi yake. Tazama alichokiri Jones mwenyewe: kazi ni nzuri. Kama ilivyokuwa kwa Pickles, maudhui hayakuwa na kasoro. Tofauti ni kwamba safari hii aliyelaumiwa alibaki kitini.

Pickles hakubaki. Baada ya miezi michache alirudi kaskazini, na mwaka 1942 taarifa za habari za taifa zilikuwa tena mikononi mwa sauti zilizozoeleka. Uamuzi wa kumleta London haukufuatiwa na Pickles wa pili. Lafudhi za mikoani zilichukua miongo kadhaa kurudi kwenye meza ya habari kwa wingi. Kama shabaha ilikuwa usalama, sijui wapi waliandika kwamba hatari ya kuigwa ilikuwa imekwisha. Vita vilikuwa bado vina miaka mitatu.

Mwaka 1946 BBC ilimpa kipindi kipya, "Have a Go". Alizunguka nchi, kumbi za vijijini, kantini za viwanda, kumbi za makanisa, akiwaita watu wa kawaida wasimulie maisha yao na kujibu maswali mepesi wapate shilingi chache. Mkewe Mabel alikaa naye. Lafudhi hakuipunguza tena, aliiongeza. Aliwauliza bibi wa miaka 80 kama wana mchumba, ukumbi ukaangua kicheko. Kipindi kilidumu hadi 1967, mamilioni wakikisikiliza kila wiki, na 1950 alitunukiwa nishani ya OBE. Kwa miaka 21 nchi ile ile ilimfungulia redio sebuleni, ikamwachia awachekeshe bibi zao.